Barua Iliyolala Mount Druitt

Tangu nirudi sijapata raha. Nikienda kanisani, swali. Nikienda kwenye ushirika wa zabibu, swali. Hata yule mama wa vitumbua pale njia panda ananifungia vyangu huku akiniuliza, "Baba Eliza, hivi wale watu wa Australia walikubali au walikataa?" Nikisema walikubali, ananiuliza mbona basi nimekaa kimya hivyo. Nikieleza kwa kirefu, wanasema ninawachanganya. Jamani, mimi ndiye niliyechanganyikiwa wa kwanza. Kwa hiyo nimekaa chini niandike mara moja, mpokezane, mniache nifanye palizi yangu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Yona, mkulima wa zabibu wa Hombolo. Kaka yangu Danieli alifariki akaacha mtoto mmoja, Emanueli, nikamlea pamoja na wangu. Danieli hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "mdogo wangu" hata mbele ya watoto wangu, hata nilipoota mvi, na mimi nilikuwa nikilalamika. Sasa Ema yuko Sydney mwaka wa sita, anatunza wazee huko Westmead, na amepata mchumba, Furaha, binti wa Kikongo. Baba wa binti akasema hapokei posa ya simu wala picha ya barua. Kama kijana ana watu, watu waje.

Watu wa Ema ni mimi. Nikaandika barua kwa mkono wangu, nikaifunga kwenye leso nyeupe, mkaniombea pale kanisani, nikaambiwa nirudi na jibu. Habari za tiketi na viza naziruka, maana nikizikumbuka tu kichwa kinauma.

Hombolo hadi kwa mbwa wa uwanja wa ndege

Treni ya Dodoma hadi Dar es Salaam haikuwa na neno. Neno lilianza Doha, tulipoambiwa ndege ya Sydney itachelewa saa mbili. Mbili zikawa nne, nne zikawa saba, na kila walipotangaza kitu nilisimama na begi langu, nikaona wenzangu wamekaa, nikakaa tena. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyenionyesha kwa kidole kwenye ramani kwamba kwao ni Lebanoni. Lugha hatukuwa nayo hata moja. Ila aliona ninavyosimama na kukaa, akanihurumia, akafungua kopo lake na kunikaribisha zabibu.

Zilikuwa nyeusi, nene, zinang'aa. Mimi ni mtu wa zabibu, nikatupia tatu kinywani kwa mpigo. Jamani! Chumvi, uchungu, na kokwa gumu kama changarawe. Kumbe ndizo zeituni, hizi tunazozisoma kwenye Biblia miaka yote bila kujua ladha yake. Kutema mbele ya mzee wa watu sikuweza. Moja niliimeza na kokwa lake, mbili nikazibana shavuni hadi chooni. Niliporudi nilimpa zabibu kavu za kwetu, akala, akafumba macho kwa raha, akaniongezea zeituni.

Sydney tulitua asubuhi. Niliondoka Jumatatu, kwa hesabu yangu nililala mara moja tu, wakaniambia ni Jumatano. Mpaka leo sijui ile siku nyingine ilikwenda wapi. Uwanjani wakauliza nimebeba chakula gani, nami sisemi uongo, nikataja vyote: mlenda mkavu wa mke wangu, karanga, na zabibu kavu zilizobaki. Vyote vikabaki mezani kwao. Sheria ni sheria, na yule dada aliyenihudumia aliomba samahani mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Kisha akaja mbwa mdogo, akanusa leso yangu, akakaa chini. Kumbe mbwa wao akikaa, kuna jambo. Dada akataka kuifungua. Hapo nilikataa, maana barua ya posa haifunguliwi na mtu yeyote kabla haijafika kwa watu wa binti. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasa la saba kwamba ni ndoa, si yangu, ni ya baba. Sijui alielewa nini. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine, na huyo wa tatu, mama mtu mzima, akaibinyabinya ile leso, akainusa mwenyewe baada ya mbwa, akacheka, akanirudishia. Leso ilikuwa imekaa na zabibu kavu siku mbili, harufu ndiyo iliyomkalisha mbwa. Nikatoka pale na barua, bila mlenda.

Blacktown hadi Mount Druitt

Ema alinipokea na rafiki yake wa kazini, Njoroge. Huyu ni Mkenya na ndiye mwenye gari. Ema anakaa Blacktown, kwenye nyumba ambayo baridi yake ya mwezi wa saba huingia ndani na kukaa na nyinyi. Alikuwa na shifti mfululizo, halafu si vizuri mwoaji kujipitishapitisha ukweni kabla ya jibu, kwa hiyo nilizunguka zaidi na Njoroge. "Mzee, tulia bana," aliniambia siku ya kwanza, akiona ninavyoipiga suti pasi. "Hao wasee wa Mount Druitt wako poa. Utaona tu."

Jumapili baada ya ibada tukaenda. Baba Furaha ni mtu mrefu, mpole, anafanya kazi ghalani, na ni mzee wa kanisa lao. Aliishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kupelekwa huko. "Karibu sana, ndugu," alisema. "Tuko na furaha ya kukuona. Safari ilikuwa muzuri?" Mkewe akatuwekea fufu, sombe, yaani kisamvu chao, kuku, na dagaa wa Kigoma. Wale dagaa walipitaje kwa yule mbwa, mimi sijui, na roho iliniuma nikikumbuka mlenda.

Tulipokwisha kunawa nikasimama. Hotuba nilikuwa nimeisoma mbele ya kioo wiki mbili. Nikaeleza tumetoka wapi, tumeona ua katika nyumba hii, kisha nikaitoa barua kwenye leso, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Baba Furaha akaweka mikono yake nyuma.

"Bon, haya," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Uiweke pale, ndugu."

Pale ni juu ya kabati la televisheni. Binti yake mdogo, Neema, akasogeza rimoti kunipisha. Nikaiweka mwenyewe, nikarudi kukaa. Hakuna aliyesema lolote kuhusu barua tena. Tulipoaga, Baba Furaha akasema, "Jumanne siko na kazi. Nitakuonyesha milima."

Ndani ya gari nilimuuliza Njoroge kama hilo ndilo jibu. "Mzee," alisema, "hata mimi sijashika." Ema tulimkuta mlangoni, bado na viatu vya kazi. Akaniuliza kama barua imepokelewa. Nikasema iko kwao. "Lakini aliipokea?" Nikamwambia iko juu ya kabati la televisheni. Akakaa kitandani, akaanza kufungua kamba za viatu. "Baba mdogo," alisema, "wakinikataa, mimi sijui nitafanya nini." Mtoto huyu hakulia hata tulipomzika baba yake. Usiku ule sikulala vizuri.

Mlima unaoanzia juu

Jumanne nilivaa suti tena, maana mshenga hajui ataitwa saa ngapi. Njoroge alitushusha stesheni, tukapanda treni wawili tu, mimi na Baba Furaha. Tulikwenda saa nzima na ushee. Mimi nikichungulia dirishani nitafute mlima, sioni, naona miti tu. Kwetu mlima unauona kwanza, halafu unaupanda. Hapa tulishuka kwenye mji wenye maduka na chai, tukatembea kidogo, tukafika kwenye ukingo wenye uzio wa chuma, na mwenzangu akasema, "Tumefika. Milima iko chini."

Chini kulikuwa na ukungu mtupu. Weupe, kama maziwa kwenye bakuli.

"Pale kuna majiwe matatu makubwa," aliniambia. "Batu ba hapa banayaita Dada Watatu. Mabinti, baligeuzwa jiwe."

"Kwa nini waligeuzwa?"

"Mambo ya bachumba."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Tukasimama nusu saa tukiwatazama mabinti wasioonekana, na mimi moyoni nikasema, Yona, shika akili, mzee huyu anakuambia jambo kwa heshima. Mara simu yake ikaita. Akasogea kando, akaongea Kibembe, lugha ya kwao, kwanza kwa furaha, halafu polepole, halafu akawa anasikiliza tu. Aliporudi uso ulikuwa umeshuka. "Tukule," alisema.

Alininunulia mkate wa nyama wa moto ulioniunguza ulimi. Alipoona navuta pumzi akadhani ni baridi, akavua glavu zake akanivalisha mwenyewe, kidole kwa kidole. Mtu anayekukataa hakuvalishi glavu. Lakini mtu anayekukubali hapokei barua kwa kidevu. Nilirudi Blacktown na glavu za watu na bila jibu.

Maji baridi na shakwe

Jumamosi ikawa bahari. Tulikwenda kwa feri kutoka katikati ya jiji: mimi, Njoroge, Baba Furaha na Neema. Tulipita lile jengo lao maarufu la muziki na daraja lao, watu wote wakakimbilia upande mmoja kupiga picha, nami nikashika chuma nikidhani chombo kinapinduka.

Ufukweni nilikaa na suti kwenye mchanga. Ilikuwa baridi ya kutetemesha meno, na watu walikuwa ndani ya maji wakifurahi, wazee kwa vijana, wakitoka wekundu na kurudi tena. Nilimuuliza Njoroge kama ni adhabu. Alisema ni mazoezi. Tukala samaki na chipsi kwenye karatasi, na nilipofumba macho kushukuru, shakwe, ndege mweupe wa baharini, akateremka akabeba kipande changu cha samaki chote. Nilifumbua macho kusema amina, mkono mtupu.

"Hapa ukikawia, banakuchukulia," alisema Baba Furaha kwa huruma.

Jamani, hapo damu ilinichemka. Nikaona sasa ananipiga vijembe. Labda kuna mposaji mwingine, daktari wa huko kwao, na mimi nazungushwa ufukweni na shakwe. Nikataka kuuliza moja kwa moja, lakini mshenga akishaweka barua haulizi. Anangoja. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikutaka Ema aharibikiwe kwa sababu ya mdomo wangu.

Simu ya mzee ikaita tena, akaondoka nayo akipiga kelele dhidi ya upepo. Nikamgeukia Neema. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza kama barua yangu bado ipo. Akajibu sentensi ndefu, Njoroge akanitafsiria huku naye akikunja uso. "Anasema hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa. Hata kupanguza vumbi pale wamekatazwa. Televisheni pia haiwashwi, eti kelele."

Barua isiyoguswa, wala kufunguliwa, wala kurudishwa, na nyumba nzima haitazami televisheni kwa ajili yake. Nilijaribu kuelewa, nikashindwa.

Shamba la mizabibu iliyokufa

Alhamisi iliyofuata tulikwenda kaskazini kwa gari la Njoroge, saa mbili na nusu. Siku zangu zilikuwa zinakwisha, ndege ilikuwa Jumapili. Baba Furaha aligeuka kutoka kiti cha mbele akaniambia, "Ema alinieleza weye ni mulimaji wa mizabibu. Nikasema, ndugu huyu akiona mashamba ya huku, roho yake itatulia."

Tulipovuka kilima nikayaona. Mistari imenyooka, nguzo kwa nguzo, ekari na ekari, na yote kavu. Hakuna jani hata moja. Nyinyi wenzangu wa ushirika mtanielewa. Mwezi huohuo nilikuwa nimeacha mizabibu yangu Hombolo ina vichala vinavyoanza kulainika. Kwetu mzabibu ukiupogoa hauchukui muda, unachipua. Ukiukuta mkavu na matawi yake yote bado yananing'inia, hujaupogoa, umekufa. Ni mchwa, au ukame, au ugonjwa. Nikavua kofia.

Basi hili ndilo jibu, nikasema moyoni. Amenileta mkulima wa zabibu kwenye zabibu zilizokufa. Ameona kusema kwa mdomo ni ukatili.

Mwenye shamba, mama mmoja mwenye buti za mpira, alitukaribisha kwenye banda la kuonjea mvinyo. Pale watu walikuwa wanaonja, wanasukutua, wanatema kwenye ndoo. Mtu amelima mwaka mzima, amefiwa na shamba, halafu unamtemea mbele yake! Nikamshika yule mama mkono kwa mikono yangu miwili. "Njoroge, mwambie mimi ni mkulima mwenzake, nimeona kilichompata. Mwambie pole sana, Mungu atamwinua tena."

Njoroge akajikuna, akatafsiri. Mama akaniangalia, akamwangalia yeye. "Anauliza umeona nini, mzee."

"Shamba lote limekufa, nyinyi hamuoni?"

Alipoambiwa, mama yule akafunika mdomo. Hakucheka, na hilo nitamshukuru daima. Alinishika mkono hadi mstari wa kwanza, akatoa mkasi wake mfukoni, akakata tawi, akanionyesha. Ndani kijani kibichi. "Anasema zimelala tu," Njoroge akasema. "Hii baridi huwa zinalala. Mwezi wa tisa zinaamka." Miaka thelathini nalima zabibu, na sikukumbuka kukwangua gome kwa ukucha. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyuma yangu Baba Furaha alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona akicheka, sasa alishikilia nguzo. "Ndugu yangu, ulifikiri nimekuleta kwenye makaburi?"

Nami kwa aibu ile ile ukweli ukanitoka. "Nilifikiri ni jibu lako."

"Jibu gani?"

"La barua."

Kicheko kikakatika. Akatafuta kreti mbili za plastiki, akazigeuza, tukakaa katikati ya mistari. Kisha akaniambia maneno ambayo ningepaswa kuyasikia Jumapili ile ya kwanza.

"Ile barua siwezi kuigusa, ndugu. Kwetu baba hapokei barua ya binti yake. Anapokea mudogo wa baba, anafungua yeye, anasoma yeye, anauliza yeye. Mi nilikuwa na badogo batatu. Babili balibaki kule kwetu, vita ilibachukua. Mumoja nilimuzika kambini. Hapa Australia iko mutu mumoja tu wa ukoo wetu, anaishi Toowoomba, mbali sana, anafanya kazi ya nyama. Alisema atakuja Jumanne. Jumanne akasema Jumamosi. Jana akasema habamupe ruhusa kazini. Ndiyo sababu niko nakutembeza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaokota lile tawi lililokatwa, akalizungusha vidoleni. "Ningekuambia namna gani? Mi ndiye nilisema kama kijana ana batu, batu bakuje. Halafu batu bamekuja, na mwenyewe sina mutu."

Nikakumbuka mikono ile aliyoiweka nyuma, na nilivyomkasirikia siku kumi na moja. Nilikuwa nimekula chakula chake na kuvaa glavu zake huku namsengenya moyoni.

Jumamosi, Mount Druitt

Baba Furaha alikuwa ameomba ushauri kwa mchungaji wake. Wakakubaliana ataipokea barua mwenyewe, ataomba msamaha kwa waliolala, basi. Tukafika saa nane mchana. Ema akabaki garini, kwa kuwa hakutaka kuingia wala kuwa mbali. Mimi na Njoroge tukakaa kwenye kochi la wageni. Upande wa pili alikaa Baba Furaha na mkewe, na kando yake kiti kitupu kilichofunikwa kitenge. Hakuna aliyenieleza ni cha nani. Barua ilikuwa palepale juu ya kabati, na kweli ilikuwa na vumbi.

Mzee akasimama kuifuata. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Nikamwona mkewe ameinamisha kichwa, na sikuweza kuendelea kutazama.

"Keti, kaka," nikasema.

Nikainuka, nikavuka zulia, nikakaa kwenye kiti chenye kitenge, kiti cha mdogo wa baba.

"Mzee, unaenda wapi?" Njoroge aliuliza.

"Nimefika. Sasa wewe ndiye mshenga. Lete barua."

"Mimi? Mimi si ni dereva tu!"

"Lete. Na kwa mikono miwili."

Akaileta akitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto. Nikaipokea, nikaipanguza, nikaifungua, nikaisoma kwa sauti. Ndugu zangu, ile barua niliiandika mwenyewe na mkaisifu wote, lakini kutoka kiti kile ilinikera. Nimesifu mashamba yetu nusu ukurasa. Nimemsifu kijana nusu ukurasa. Kuhusu binti nimeweka mstari mmoja.

"Aliyeandika barua hii," nikasema kwa ukali, "anajua nini kuhusu binti yetu? Mstari mmoja tu?"

Njoroge akatazama kushoto na kulia. "Mzee, si ni wewe uliandika?"

"Mimi niko huku sasa. Jibu."

Mama Furaha akaanza kucheka ndani ya kanga yake. Njoroge, Mungu ambariki, akajikaza. Akasema binti huyu alimfundisha Ema kupika sombe, kwamba akitoka kazini hupitia kwa wazee wasio na watu kuwasalimu, kwamba Ema alikuwa mtu wa kujifungia na sasa anaimba jikoni hadi majirani wanalalamika. Mambo hayo yote mimi sikuyajua.

"Na kijana huyu," nikauliza, kwa kuwa ndivyo inavyoulizwa, "ana watu?"

Njoroge akatazama kochi lililobaki tupu pembeni yake. "Alikuwa na wewe," alisema. Akafikiri, akasimama wima. "Sasa ako na mimi."

Nikasema inatosha. Furaha akaitwa, akaja na kitambaa kichwani, akapiga magoti. Nikamuuliza kama anawafahamu wageni hawa. Akamtazama Njoroge peke yake kwenye kochi, akabana kicheko. "Nabafahamu."

"Tuwape jibu gani?"

"Mubakubalie," alisema. Kisha akanitazama mimi. "Baba mdogo."

Mama Furaha akapiga vigelegele, Neema akakimbia nje kumwita Ema, na kwa mara ya kwanza mtoto yule alipiga kelele kwa Kiswahili: "Wamekubali! Wamekubali!" Baba Furaha akanigeukia. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, akauacha hapo mpaka chai ilipoletwa. Kisha akawasha televisheni.

Nyumbani

Anayepokea barua ndiye anayeandika jibu. Kwa hiyo asubuhi ya safari, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, nilikaa mezani kwa Ema, nikaandika jibu kwa niaba ya ukoo wa binti, nikalielekeza kwa Ndugu Yona, Hombolo, nikalifunga kwenye leso ileile. Mke wangu alilifungua nilipofika. Akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena.

"Baba Eliza, huu si mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Umejijibu mwenyewe?"

Hapo ndipo mlipoanza kuniuliza nyote. Kamati ya harusi inataka kujua nitakaa upande gani kanisani. Nitakaa upande wa binti. Ema anaye mama yake mdogo hapa, mke wangu, ana mashangazi, ana nyinyi, na sasa ana Njoroge. Yule mzee ana mimi tu. Atakayeona vibaya aniambie usoni.

Juzi nikiwa shambani simu ikalia. Ni picha, mistari ile ile ya kule kaskazini, nguzo kwa nguzo, na kila mzabibu una vijani vidogo vyenye kung'aa. Baba Furaha hanywi mvinyo, na kutoka Mount Druitt ni saa mbili na nusu kwa gari la kuomba. Alikwenda kutazama tu. Chini ya picha kulikuwa na sauti yake, ina upepo ndani yake.

"Mudogo wangu," alisema. "Zimeamka."

Niliisikiliza mara nne pale kwenye mstari, jembe likiwa chini. Kisha nikaenda kumwita mke wangu naye asikie.